Vikombe Vinne kwa Siku

Singida,
1 Septemba 2003

Wifi yangu Mama Yoakimu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kaka Salvatory anawasiliana nanyi kutoka huko machimboni Mirerani. Mimi ni mzima. Vipindi ni vingi, kidato cha nne wanakaribia mtihani na mimi ndiye mwalimu wao wa darasa.

Nimempa kondakta wa basi la Babati kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani si maziwa. Ni chai ya majani kutoka kwa Mzee Herieli, mtu anayetusaidia walimu wengi hapa. Mimi nimeinywa tangu Pasaka na kiungulia kimeniacha kabisa. Nimemweleza habari ya tumbo la Baba, jinsi linavyomsumbua tangu mwaka jana, akaniambia dawa ni hii, lakini kwa sharti moja: anayeinywa asichanganye na maji matupu. Kasema, "Hii ni maji na dawa kwa pamoja. Maji matupu yanaiosha."

Kwa hiyo, wifi, fuata hivi. Kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita, kichemke dakika kumi, kisichujwe haraka. Sukari hapana. Vikombe vinne kwa siku: asubuhi, saa nne, mchana na jioni. Maji matupu asipewe, hata yakiwa yamechemshwa.

Najua utaona ni sharti gumu. Lakini maji ya hapo Bonga ndiyo yaliyotuondolea Mama kwa homa ya matumbo. Sitaki kurudi kuzika tena kwa sababu ileile.

Msalimie Baba. Mwambie kwamba nimemtafutia mwenyewe.

Wifi yako,
Vailet Teodori


Bonga, Babati,
16 Septemba 2003

Wifi mpendwa Mwalimu Vailet,

Milele amina. Sisi hatujambo. Barua yako imechelewa kwa sababu kwenye bahasha uliandika Babati, Arusha, nayo ikazunguka huko kwanza. Siku hizi andika Mkoa wa Manyara. Endelea kutumia sanduku la duka la Mama Sabrina, yule jirani yetu, ndiye anayetuchukulia barua posta.

Kopo lilifika salama. Nimeanza kumpikia Baba kama ulivyoagiza. Nilipomwambia imetoka kwako alifurahi sana, akawaonyesha hadi wazee waliokuja kumtembelea. Alisema, "Binti yangu hajanisahau."

Nina swali moja, wifi, usinielewe vibaya. Jua la huku mwezi huu ni kali, na Baba bado anashuka shambani kuangalia mbaazi. Akirudi huwa anaomba maji. Ninayachemsha kila siku na kuyapoza kwenye mtungi uliofunikwa, kama tulivyofanya siku zote. Je, siwezi kumpa hata kikombe kimoja mchana? Chai hii ni chungu, na mtu mwenye kiu hainywi kwa raha.

Nasubiri jibu lako.

Wifi yako,
Kandida, Mama Yoakimu


Singida,
25 Septemba 2003

Mama Yoakimu,

Asante kwa barua. Jibu ni hapana. Wifi, dawa si uji, mtu hainywi kwa raha. Akiwa na kiu mpe kikombe cha chai, si ni maji hayohayo yaliyopita kwenye majani? Mimi tangu Pasaka naishi hivyo na bado nasimama darasani vipindi saba.

Unasema maji mnayachemsha. Hata mwaka tisini na tisa mlisema mnayachemsha. Mimi nilikuwa mbali, sikuona. Niliitwa nikakuta jeneza.

Tafadhali tusirudi kwenye jambo hili. Nimetuma kopo la pili.

Vailet


Bonga,
6 Oktoba 2003

Wifi,

Kopo la pili tumelipata. Baba anaendelea vizuri. Vikombe vinne kila siku, ninavipeleka mwenyewe na vinarudi vitupu.

Shambani haendi sana siku hizi, anapenda kupumzika kivulini. Wiki iliyopita alivaa suti akidhani ni Jumapili, na ilikuwa Alhamisi. Tulicheka naye. Anakwenda haja ndogo mara nyingi, nadhani ni dawa inafanya kazi. Kuhusu tumbo hajalalamika.

Mvua bado. Watoto wanakusalimu.

Kandida


Singida,
17 Oktoba 2003

Mama Yoakimu,

Sikutaka kuandika barua hii lakini nimekosa usingizi.

Jana Mama Sabrina alikuja Singida kuchukua mafuta ya alizeti ya duka lake, akapita shuleni kunisalimu. Tulikuwa tunazungumza mambo ya nyumbani. Kwa nia njema kabisa akaniambia, "Baba yako anatunzwa, Mwalimu. Yule mke wa kaka yako kila mchana namwona nyuma ya nyumba anamnywesha maji ya mtungi kwa kata, kama mtoto."

Nilimuuliza mara mbili. Kila mchana? Akasema kila mchana.

Kwa hiyo nilipokuwa namwombea Baba kwa Mungu, wewe ulikuwa unaniandikia kwamba Baba anaendelea vizuri. Vikombe vinne, vinarudi vitupu. Kumbe nyuma ya nyumba unaosha dawa yote kwa kata yako. Sasa naelewa kwa nini hapati nafuu ya kweli, na kwa nini analala mchana.

Ulikuwa unashindana na nani, wifi? Na mimi? Kwa sababu nimesoma na wewe umeishia darasa la saba? Au kwa sababu ni mimi niliyeagiza na si wewe?

Nitasema neno ambalo nimelificha miaka minne. Mama alikufia mikononi mwako. Wewe ndiye uliyekuwa unamtekea maji. Baba hataondoka kwa njia hiyohiyo huku mimi nikitazama. Ukishindwa kumtunza kama nilivyoelekeza, sema, nimwandikie Salvatory aje kuamua.

Vailet Teodori


Bonga,
25 Oktoba 2003

Mwalimu Vailet,

Nimeisoma barua yako mara moja tu. Nimeirudisha kwenye bahasha na nimeiweka.

Ni kweli. Nilimpa maji. Kata moja mchana, siku nyingine mbili. Nilikuficha kwa sababu uliniambia tusirudi kwenye jambo hilo.

Kuhusu Mama sijibu kitu.

Kuanzia leo nafuata agizo lako lote. Mtungi nimeuhamishia kwenye stoo na watoto wote nimewakataza. Baba ameomba maji leo saa nane. Nikamwambia, "Baba, Vailet amekataa." Akasema, "Basi, mwanangu."

Andika kwa Salvatory ukitaka.

Kandida


Babati mjini,
1 Novemba 2003

Wifi,

Naandika nikiwa hospitali, barua hii anakuletea kondakta wa basi la asubuhi. Baba alianguka jana saa saba mchana karibu na zizi la mbuzi. Tulimkuta amelala kifudifudi, midomo imepasuka, anaita watu ambao walishakufa. Mama Sabrina alitoa gari la duka. Wamemtundikia dripu ya pili. Hajatutambua bado.

Njoo.

K.


Singida,
5 Novemba 2003

Mama Yoakimu,

Barua imenifikia Jumamosi ileile jioni.

Mkuu wa shule alinipa ruhusa, siwezi kusingizia mtihani. Jumapili nilifunga begi, Jumatatu nikalifunga tena. Nilifika hadi stendi. Basi likaondoka nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha tiketi, na mwenye kibanda ananiuliza, "Dada, unasafiri au unasindikiza?" Nikabeba begi nikarudi shuleni.

Naogopa kuingia kwenye hicho chumba akanitazama asinijue. Naogopa zaidi akinijua.

Niambie daktari amesema nini. Nieleze yote, hata kama ni makali. Kama ni yale maji ya kata pia niambie, nitanyamaza. Nakuomba tu uniandikie.

Vailet


Bonga,
12 Novemba 2003

Wifi,

Baba ametutambua tangu Jumatano iliyopita. Jana aliruhusiwa. Amekonda, lakini anakula uji na amewauliza watoto kama mbaazi zimepukutika.

Umetaka nikueleze yote.

Daktari aliniuliza, "Huyu mzee anakunywa nini kwa siku?" Nikasema chai ya majani. "Na maji?" Nikasema hapana, amekatazwa. "Hiyo chai kiasi gani?" Nikasema vikombe vinne. Akatikisa kichwa, akasema kwa vikombe vinne angekuwa na shida lakini asingekauka namna hii, figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka.

Hapo ndipo Baba alipofungua macho. Siku ile alikuwa anatujua vizuri. Akasema, "Kimoja." Daktari akainama, "Unasemaje, babu?" Akasema, "Nakunywa kimoja. Vile vitatu namwagia mgomba. Inanishinda uchungu."

Wifi, karibu miezi miwili nilikuwa navipokea vikombe vitupu nafurahi. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukusema?" Akajibu, "Mtoto wangu ameitafuta mbali. Ningesemaje kwamba imenishinda?"

Nilimpelekea daktari lile kopo. Alinusa, akachambua kwa kalamu. Mchaichai aliutambua, majani ya mpera aliyatambua. Kuna mzizi hakuujua, ila alisema mingi ya namna hiyo inamfanya mtu akojoe kuliko anavyokunywa. Sikumsikia akiitukana chai. Alisema mchaichai mwepesi ni maji tu yenye harufu, mtu akinywa yanahesabika kama maji mengine. Kosa ni kumfungia mzee kwenye kitu kimoja asichokipenda, halafu kitu chenyewe kinamtoa maji. Akasema pia wazee hawasikii kiu kama sisi. Mpaka aombe, ameshachelewa.

Sasa yangu. Daktari aliniuliza amekuwa bila maji siku ngapi. Sikumjibu pale, nilisema sijui. Nakujibu wewe. Siku sita. Kabla ya barua yako ile kata moja au mbili ndiyo iliyokuwa inambeba. Baada ya barua yako niliikata. Nilimwona siku ya tatu anatetemeka mikono. Siku ya tano alikosea jina langu. Na mtungi ulikuwa stoo, hatua kumi. Sikwenda. Niliwaza, acha Vailet aone mwenyewe matokeo ya agizo lake. Niliwaza hivyo nikiwa namwangalia mtu aliyenipokea kama binti yake.

Hayo ndiyo yote. Salvatory sijamwambia. Ukitaka kumwambia, mwambie na hili.

Kandida


Bonga,
20 Novemba 2003

Mwanangu Vailet,

Mimi baba yako ninaandika mwenyewe, ndiyo maana herufi zinapanda na kushuka. Mke wa kaka yako hajui ninachoandika. Nimempa Mama Sabrina bahasha ikiwa imeshafungwa.

Sijambo. Nakunywa maji. Nakunywa na mchaichai jioni, mwepesi, na kijiko kimoja cha asali, na huo haunishindi. Usilie habari ya majani yako. Mtu akimletea baba yake kitu kwa upendo, na baba akakimwaga kwa siri, wawili hao wamekosana kwa heshima. Kosa langu ni kubwa kuliko la Herieli wako.

Ninakuandikia kwa sababu ya jambo lingine. Niliipata barua yako ya Oktoba kwenye kapu la nguo. Ile yenye neno la Mama yako. Niliisoma. Nisamehe, lakini nilitaka kujua kwa nini nyumba imenyamaza.

Sasa sikiliza, na kaa chini kama umesimama.

Mwaka ule wa tisini na tisa Mama yako alikuwa kwako Singida wiki mbili, unakumbuka, ulikuwa umehamia nyumba ya walimu naye akaja kukusaidia kupanga. Siku aliyorudi mimi na Kandida tulimpokea stendi. Alishuka kwenye basi akiwa na homa. Kandida alimgusa paji akasema, "Mama anawaka." Alikuwa mgonjwa kabla hajagusa tone la maji ya Bonga tangu alipoondoka. Alikopatia ugonjwa sikujui. Inaweza kuwa kwako, inaweza kuwa njiani wakati wa kuja kwako, pale Katesh alikonunua maziwa ya mgando. Hakuna ajuaye isipokuwa Mungu.

Siku ya maziko ulilia unasema ni maji ya kisima, ni maji ya kisima. Mimi nilitaka kukwambia. Kandida alinivuta pembeni akaniambia, "Baba, akijua Mama alitoka kwake akiwa na homa, hatapona. Mwache aseme ni maji yetu." Akamkataza na Salvatory. Miaka minne amekubali utufikirie sisi wachafu, ili wewe ulale.

Ulipomwandikia lile neno, alikuwa na jibu mkononi. Hakulitoa.

Mimi nimelitoa kwa sababu mimi ni mzee na sitaki kuondoka nikaacha mzigo wangu kwenye kichwa cha mtoto wa watu.

Amenitunza tangu Mama yenu afariki. Kwao Mbulu hajaenda kulala hata usiku mmoja kwa miaka mitatu, na mama yake mzazi macho yanafifia. Shule ikifungwa, njoo. Usije kunitazama. Njoo ushike nafasi yake, yeye aende.

Mimi baba yako,
Teodori


Singida,
29 Novemba 2003

Kandida,

Baba ameniandikia. Unaweza kukisia nini.

Nimeandika barua hii mara tano na kuichana. Kila nikianza na neno nisamehe naona ninakuomba tena unifanyie kitu.

Kwa hiyo nasema tu haya. Nilikosea kuhusu chai. Nilimuuliza Mzee Herieli jina la ule mzizi, akacheka akasema ni siri ya kazi, nikamrudishia kopo lililobaki. Nilikosea kuhusu Mama. Na yale maji ya siku sita, hayo si yako peke yako. Wewe ulifunga mtungi, lakini barua iliyoufunga niliandika mimi. Salvatory nimemwandikia yote, la kwangu kwanza.

Shule inafungwa tarehe tano. Nitapanda basi. Safari hii nitapanda.

Kama hutaki nikukute, nenda Mbulu kabla sijafika na mwachie Mama Sabrina ufunguo. Nitaelewa.

Vailet


Bonga,
3 Desemba 2003

Wifi,

Sitaondoka kabla hujafika. Nani atakuonyesha?

Baba hali ugali baridi. Dawa ya presha aliyopewa hospitali ni asubuhi, baada ya uji. Maji ninampa kidogo kidogo, robo kikombe, ukimpa kikombe kizima anakiweka chini anasahau. Usimuulize kama ana kiu, atasema hapana. Mpe tu, kisha zungumza naye jambo jingine, atakunywa huku anazungumza.

Habari ya lile neno la Mama. Umeniomba msamaha bila kuuomba, nimekusikia. Lakini sitakudanganya. La chai limekwisha moyoni. Lile lingine bado linaniuma, nikipita kaburini ndipo linaamka. Nipe muda. Nitakapokuwa nimelimaliza utajua bila kuambiwa.

Njoo na viatu vya matope, mvua imeanza.

Kandida


Bonga,
19 Desemba 2003

Mama Yoakimu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umemkuta mama yako salama, na kwamba baridi ya Mbulu haijawashinda watoto.

Hapa leo ni siku ya tisa tangu uondoke. Siku mbili za kwanza zilinishinda, nakiri. Nilimuuliza kama ana kiu, akasema hapana, kama ulivyonionya, na mimi nikaamini kama mjinga. Jioni mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Kesho yake nikaanza robo kikombe. Ninampa anapoongea habari za ng'ombe wake wa ujana, na ana ng'ombe wengi. Sasa anafikisha vikombe saba, na mchaichai mmoja jioni.

Kuchemsha maji ni kazi, wifi. Kuni zimelowa, moshi, kusubiri yapoe, kufunika, kuosha mtungi. Sikuwahi kufikiri. Niliandika maneno yale yote nikiwa Singida na nilikuwa sijui sufuria moja inachukua muda gani.

Usifanye haraka kurudi. Likizo yangu inakwisha Januari tarehe kumi.

Mchana huu Baba alikuwa kitandani, macho amefumba, nami nimeingia na kikombe kimya kimya. Akanyoosha mkono bila kufungua macho, akaniita, "Mama Yoakimu."

Sikumsahihisha. Nikaitika, "Abee, Baba." Akanywa chote.

Vailet